Chura Hana Umri

Wasomaji wetu wengi wa Unguja na Pemba hawanywi bia, wala hawatarajii kuinywa, na huenda wakastaajabu kuona safu hii leo inazungumzia matangazo yake. Twawaomba wastahamili. Bia haiwaingilii nyumbani kwa chupa. Huingia kwa dishi lililo juu ya paa, katikati ya mpira, saa ambayo watoto wamekaa mkekani pamoja na baba zao.

Januari 1995, wakati wa Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani inayotazamwa na mamilioni ya watu wa kila rika, televisheni ya nchi hiyo ilionyesha kinamasi wakati wa usiku. Walikuwapo vyura watatu, na kila mmoja alilia kwa silabi yake: Bud, Weis, Er. Mwanzoni milio ile haikuwa na maana. Kisha ikafuatana, na jina la bia ya Budweiser likatimia. Hakuonekana mtu anayekunywa, wala haikutajwa ladha ya kinywaji. Ulikuwa mchezo wa silabi tu, wa namna ile ile ambayo kwayo mtoto wetu hufundishwa kusoma: ba, be, bi.

Mwaka uliofuata, kituo kimoja cha utafiti wa matangazo ya pombe huko Berkeley, California, kiliwauliza watoto wa miaka 9 hadi 11 maneno ya wanyama na mashujaa wa televisheni. Watoto 80 katika kila mia walimkumbuka sungura Bugs Bunny. Waliowakumbuka vyura wa bia walikuwa 73 katika kila mia. Nyuma yao alibaki Smokey, yule dubu ambaye Serikali ya Marekani imemtumia tangu 1944 kuwaonya wananchi juu ya moto wa misituni. Hilo twawaomba maofisa wa Serikali walitafakari: dubu wa umma, mwenye nusu karne ya kazi, alishindwa na vyura waliokuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei.

Haki yataka tuseme kwamba kukumbuka si kunywa, na utafiti ule ulipima kumbukumbu. Wenye kampuni za bia nao husema kuwa wanyama wao huwachekesha watu wazima. Ni kweli, huwachekesha. Hata sisi tuliwacheka vyura wale. Lakini yafaa tutazame kanuni waliyojiwekea wenyewe watengenezaji bia wa Marekani, isemayo kwamba mtu anayeigiza katika tangazo la bia asiwe chini ya miaka 25. Shabaha ya kanuni hiyo ni njema: kijana asijione mwenyewe ndani ya tangazo. Sasa, chura ana miaka mingapi? Mbwa je? Mnyama hana cheti cha kuzaliwa, na kwa mlango huo hupita pale ambapo kijana wa miaka 20 angezuiliwa.

Mbwa tunamtaja kwa sababu alitangulia. Mwaka 1987 bia ya Bud Light ilimleta Spuds MacKenzie, mbwa mweupe mwenye doa jeusi jichoni, akizungukwa na warembo kama tajiri wa mjini. (Walimtangaza kuwa dume, kumbe alikuwa jike.) Picha zake zilijaa kwenye fulana na vitu vya kuchezea. Mwaka huo huo Seneta Strom Thurmond alisimama katika Baraza la Seneti kulalamika kwamba mbwa huyo anawavuta watoto. Kufikia mwisho wa 1989 kampuni ilikuwa imemstaafisha, na miaka kadhaa baadaye ikaja na vyura.

Hatusemi kila mnyama aliye kwenye chupa ni mtego. Tusker ya Kenya ilichukua jina lake baada ya mmoja wa waasisi wa kiwanda kuuawa na tembo mwaka 1923, na tembo wa nembo yake amesimama kimya tangu hapo. Bara wapo wanaokunywa Ndovu bila ya ndovu kuwasemesha. Nembo ni alama ya kujulisha bidhaa. Mnyama anayezungumza, anayeimba na kurudi kila wiki na kichekesho kipya ni jambo jingine: huyo hufanywa rafiki.

Ufaransa, nchi ya mvinyo, ililiona hili. Sheria yake ya 1991 iliondoa matangazo ya pombe katika televisheni, na penginepo ikaruhusu maelezo ya bidhaa yenyewe: imetoka wapi, imetengenezwa kwa nini, ina nguvu kiasi gani. Ndani ya sheria kama hiyo chura hana la kusema.

Hatuna uwezo wa kuyazuia mawimbi yasivuke bahari, na kiongozi atakayetuahidi hivyo hatutamwamini. Lakini vipo vilivyo mikononi mwetu. Tunawashauri wanaosimamia utangazaji Visiwani waandike wazi katika kanuni zao kwamba tangazo la pombe lisitumie mnyama anayesema wala katuni, kwani kifungu kinachotaja umri wa waigizaji peke yake hakimgusi mnyama. Pia wazungumze na wenye mabanda ya mpira, ambako mtoto hulipa kiingilio kama mtu mzima na kukaa mbele kabisa. Mwenye banda anaweza kuagizwa abadili chaneli wakati wa mapumziko, ambapo matangazo huja kwa wingi. Agizo hilo halihitaji fedha wala safari ya mtu yeyote kwenda ng'ambo kujifunza, na laweza kutolewa kabla ya msimu ujao wa ligi kuanza.