Sarufi Aliyokuja Nayo Mwanafunzi: Somo la Kiingereza katika Shule za Kakamega

Ifikapo muhula wa pili wa kidato cha nne, vitabu vya kiada vya Kiingereza aghalabu hufungwa katika shule za upili za Kakamega, na mahali pake huchukuliwa na karatasi. Mitihani ya miaka iliyopita hutolewa nakala, hubanwa kwa pini na kugawiwa darasani kila juma: taarifa ya ufahamu mwanzoni, maswali ya sarufi mwishoni. Mwanafunzi hujibu, mwalimu husahihisha, alama huandikwa, karatasi nyingine hugawiwa. Aliyekosea juma hili hukosea vivyo hivyo juma lijalo, kwa kuwa kalamu nyekundu humwambia kwamba amekosea wala haimwambii kosa lake limetoka wapi.

Na kosa huwa limetoka mahali. Mwanafunzi anapoandika 'My mother, he went to Mumias', hakusahau kwamba mama yake ni mwanamke. Kiswahili humpa kiambishi kimoja tu, a-, kwa mama na baba, na lugha aliyonyonya nyumbani, iwe Kiisukha, Kiidakho, Kikabarasi, Kimarama au Kiwanga, nayo haitenganishi jinsia katika kiambishi cha nafsi ya tatu. Kwa miaka yote kabla ya kukutana na Kiingereza, akili yake haijawahi kudaiwa ichague kati ya 'he' na 'she' kabla ya kutamka kitenzi. Leo inadaiwa, tena kwa haraka, na hakuna aliyemweleza kwamba deni hili ni jipya.

Kosa hilohilo hufanywa na mwanafunzi wa shule ya upili huko China. Ulinganisho huu haukuokotwa njiani. Tangu mwaka wa 2005, Taasisi ya Confucius ilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Kichina kimepata makao katika vyuo vya Kenya, na mwanaisimu wa Kiswahili anayetaka kukitazama kwa karibu hana haja ya kusafiri. Katika Kichina cha mazungumzo, mwanamume ni 'ta' na mwanamke ni 'ta'. Tofauti yao huonekana kwenye maandishi tu, na hata hiyo si ya kale: alama maalumu ya 'ta' wa kike ilienea mwanzoni mwa karne ya 20, waandishi wa Kichina walipokuwa wakitafsiri vitabu vya Ulaya na kuhitaji mahali pa kumweka 'she'. Kwa hiyo kijana wa Beijing na kijana wa Shinyalu, ambao lugha zao hazina undugu wowote, hujikwaa kwenye kisiki kimoja.

Si hicho pekee. Mwalimu wa Kiingereza hukata neno 'but' katika sentensi 'Although it rained, but we went', na mwanafunzi hashangai kwa sababu amezoea kukatiwa. Angeulizwa, angejibu kwamba anatafsiri sentensi isiyo na dosari masikioni mwake: ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda. Mchina naye ana jozi yake, 'suiran' mwanzoni na 'danshi' katikati, na huzihamisha zote mbili hadi kwenye Kiingereza. Au lichukuliwe swali la kukanusha. Mtoto anaulizwa, "Hujala?" Anajibu, "Ndiyo," yaani ni kweli sijala. Mchina hujibu hivyohivyo. Mwingereza akiuliza na kujibiwa 'yes', ataondoa sahani akidhani mgeni wake ameshiba.

Mfanano huishia hapo, na tofauti inayofuata ndiyo yenye uzito. Mtoto wa Kichina akikosea, aliyemtungia kitabu alikwisha kulitarajia kosa lake. Vitabu vya mazoezi ya sarufi vya shule za upili za China hueleza kanuni ya Kiingereza kwa Kichina na kuonya wazi kwamba 'although' na 'but' havikai katika sentensi moja. Orodha za msamiati katika vitabu vya kiada huwa na maana kwa Kichina kando yake. Mwandishi wa kitabu anamjua msomaji wake, lugha aitokayo, na mahali mguu wake utakapoteleza. Kijana wa Kakamega naye hupewa kitabu kilichoandikwa kana kwamba msomaji wake alizaliwa bila lugha.

Yapo mambo ambayo kijana huyu amejaliwa kuliko mwenzake wa China, nayo hayatumiwi. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa nyakati. Mwanafunzi wa huko huanza somo la nyakati za Kiingereza mikono mitupu. Kijana wa Kakamega anayo -li-, -na-, -ta- na -me-, na lugha za Kiluhya humwongezea utengano wa wakati uliopita wa karibu na ule wa mbali. Mwalimu anayetaka kueleza kwa nini Kiingereza husema 'I saw him yesterday' na kukataa 'I have seen him yesterday' angeandika ubaoni sentensi mbili tu: nilimwona jana, nimemwona. Sikio la mwanafunzi lingemaliza kazi iliyobaki. Badala yake hupewa majina ya nyakati kumi na mbili ayakariri, na kila jina ni refu kuliko kitenzi chenyewe.

Hali ni hiyo kuhusu 'a' na 'the', vijineno vinavyowatesa Wachina na Waafrika sawia. Ni kweli Kiswahili hakina vijineno hivyo. Lakini anayesema "nilinunua kitabu" na anayesema "nilikinunua kitabu" hawasemi jambo moja: wa pili anazungumzia kitabu ambacho msikilizaji wake anakijua tayari. Kiambishi -ki- kinaelekea kule anakoelekea 'the'. Njia hii haifiki kila mahali, maana kwa viumbe hai kipatanishi cha yambwa hutokea hata pale asipojulikana mtu, kama katika "nilimwona mtu". Hata hivyo, nusu ya njia ni bora kuliko kumwambia mwanafunzi kwamba atazoea tu.

Mfano wa mwisho ni wa kishazi rejeshi, nao pengine ndio unaopoteza alama nyingi. 'The book which I bought it' ni sentensi ya Kibantu iliyovaa suti ya Kiingereza. Katika "kitabu nilichokinunua", kitabu kimetajwa mara tatu: kama nomino, kama -cho-, kama -ki-. Mwanafunzi anayeandika 'it' anakuwa mwaminifu kwa -ki-. Mwalimu asiyeijua sarufi ya Kiswahili huuona uaminifu huo kuwa uzembe. Anayeijua anaweza kusema: Kiingereza kikishataja 'which', hakirudii tena. Sentensi moja ya maelezo, na kosa la miaka minne lingepata dawa.

Kwa nini basi haisemwi? Sababu moja imo katika namna walimu wanavyoandaliwa. Kwa kawaida, anayesomea ualimu wa Kiingereza nchini Kenya huunganisha Kiingereza na Fasihi ya Kiingereza, na hizo ndizo taaluma zake mbili. Anayesomea Kiswahili hukiunganisha na Historia, Jiografia au Dini. Ni nadra lugha hizi mbili kukutana katika kichwa cha mwalimu mmoja, ilhali hukutana kila siku katika kichwa cha kila mwanafunzi. Matokeo yake yanaonekana kwenye ratiba. Jumatatu, mwalimu wa Kiswahili hufundisha usemi halisi na usemi wa taarifa: 'leo' hugeuka 'siku hiyo', 'hapa' hugeuka 'hapo'. Alhamisi, darasa lilelile, madawati yaleyale, mwalimu wa Kiingereza hufundisha mageuzi hayohayo, ya 'today' na 'here', kana kwamba jambo hilo halijawahi kusikika duniani. Kauli ya kutendwa vivyo hivyo. Ufupisho vivyo hivyo. Walimu hao wawili hunywa chai katika chumba kimoja.

Mtihani wa KCSE wenyewe unawaita wakae pamoja. Karatasi ya pili ya Kiingereza, 101/2, ina alama 80, zikiwemo 20 za ufahamu na 15 za sarufi. Karatasi ya pili ya Kiswahili, 102/2, nayo ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii 10. Mtahiniwa anadaiwa stadi zilezile mara mbili, na kufundishwa na watu wawili wasioulizana. Isitoshe, Kiingereza hakiishii katika karatasi zake. Maswali ya Biolojia, Jiografia na Fizikia huulizwa kwa lugha hiyo, na mwanafunzi asiyeelewa kishazi tegemezi katika swali la Kemia hupoteza alama za Kemia, si za Kiingereza. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo hataambiwa kamwe kwamba aliyemwangusha mwanawe ni kishazi.

Sababu ya pili ni ya kihistoria, na inaumiza. Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilirejesha lugha ya eneo katika madarasa ya chini, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Sera ilibadilika, desturi ilichelewa. Vizazi vya wanafunzi vilivalishwa shingoni kipande cha mti au mfupa kwa kosa la kuzungumza Kiluhya au Kiswahili uwanjani. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini mwalimu aliyevalishwa kipande kile utotoni hawezi kwa wepesi kuandika sentensi ya Kiswahili ubaoni katika somo la Kiingereza. Mkono wenyewe hukataa.

Ufahamu nao una ugonjwa wake. Mwanafunzi aliyelelewa kwa karatasi za mitihani hujifunza hila moja: kutafuta katika taarifa neno lililotumika katika swali, kisha kunakili sentensi nzima inayolizunguka. Hila hiyo hufaulu mara kwa mara, na ndiyo maana hudumu. Swali linapodai maoni au maana iliyofichika, hila hufa na mwanafunzi hana nyingine. Taarifa zinazotumiwa katika mazoezi humzidishia ugeni, kwa kuwa huhusu mambo asiyoyajua hata kwa lugha yake. Wachina waliliona hili: kitabu cha Kiingereza cha shule za upili cha People's Education Press kiliwahi kubeba habari ya Yuan Longping, mtaalamu wa mpunga chotara, mtu ambaye kila mtoto wa huko alikuwa amemsikia. Mwanafunzi alipambana na lugha tu, si na lugha pamoja na habari. Kakamega haikosi vya kuandikia. Ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa mwaka wa 2014 katika orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya mashariki ya misitu ya mvua inayotokea Kongo. Na miaka ya 1930 watu walimiminika hapa kutafuta dhahabu. Taarifa ya Kiingereza kuhusu mapigano ya mafahali ya Khayega ingemlazimu mwanafunzi kufikiri, maana angeona mara moja mwandishi alipokosea.

Mgala muue na haki yake umpe: mfumo wa China si pepo. Kiingereza hubeba alama 150 kati ya 750 katika mtihani wa kuingia chuo kikuu, gaokao, kwenye mikoa mingi, na shinikizo hilo limezaa kile Wachina wenyewe hukiita Kiingereza bubu: mwanafunzi hupasua kila swali la sarufi kisha akashindwa kumwelekeza mgeni kituo cha basi. Kijana wa Kakamega, kwa upande wake, huzungumza. Hivyo si suala la kuiga. Wala si suala la kufundisha Kiingereza kwa Kiswahili kutwa nzima, kwani anayetaka kuogelea lazima alowe. Ni suala la dakika tano katika kila somo, ambapo mwalimu anaonyesha lugha mbili zinapoachana.

Lawama nyingine, hata hivyo, iko nyumbani. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wamekuwa wepesi wa kuuchambua mwingiliano wa lugha katika tasnifu, na wazito wa kuupeleka darasani. Uchanganuzi linganishi hufundishwa, hutahiniwa, husahauliwa. Na ufahamu wa Kiswahili hufunzwa kwa karatasi zilezile na hila zilezile za kunakili. Mwalimu wa Kiswahili anayemcheka mwenzake wa Kiingereza kwa hilo anajicheka.

Kundi la mwisho la 8-4-4 limepangiwa kuufanya mtihani wa KCSE mwaka wa 2027, na shule za sekondari ya juu chini ya mtaala mpya zinahitaji vitabu. Kila mwaka, wanafunzi wa ualimu wa Kiswahili hutumwa katika shule za Kakamega na kwingineko kwa mazoezi ya kufundisha, wakikaa muhula mzima kando ya madaftari ya insha za Kiingereza yaliyojaa wino mwekundu. Chama cha Kiswahili kingeweza kuwaomba wanakili makosa hayo bila majina ya wenyewe, pamoja na sentensi ya Kiswahili au ya Kiluhya iliyo nyuma ya kila kosa. Makosa mia mbili yangetosha kwa kijitabu cha kwanza. Ukurasa wa kwanza tayari unajulikana: a-, kisha 'he', kisha 'she'.