Kichocho cha tumbo: Wavuvi wasisahauliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kichocho cha tumbo, ugonjwa unaotumaliza polepole sisi wakazi wa mwambao wa Ziwa Viktoria.

Kwa wananchi wengi kichocho maana yake ni kukojoa damu. Hicho ni kile cha madimbwi na majaruba ya mpunga. Cha ziwani ni kingine. Vijidudu hutoka kwa konokono, hupenya ngozi ya mtu aliye majini, na minyoo yake hukaa ndani ya mishipa ya damu ya utumbo. Ubaya mkubwa ni mayai. Mengine hutoka na choo. Mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama humo na kuacha makovu. Miaka ikipita, damu hukosa njia katika ini, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya koo la chakula hutanuka hata ikapasuka. Ndipo mtu hutapika damu ghafla, majirani wakasema amerogwa. Mzazi mmoja hapa kijijini alikufa hivyo mwaloni, na wanawe wote walikwisha kumeza dawa shuleni.

Dawa hiyo, prazikwanteli, ilipatikana tangu miaka ya 1970. Sisi walimu humpima mtoto urefu kwa kijiti ili kujua idadi ya vidonge. (Wazazi, wapeni watoto chakula kwanza!) Lakini dawa huua minyoo iliyokomaa tu, wala haizuii maambukizo mapya. Mtoto akioga tena ziwani, huanza upya. Na mayai hayo ziwani hayatiwi na wanafunzi peke yao. Mvuvi asiye na choo mwaloni naye anayatia, kisha anaingia majini kila siku.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba palipo na wagonjwa 10 au zaidi katika kila watu 100, dawa itolewe kila mwaka kwa wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwamo. Basi wahusika wazifuate kambi za wavuvi. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani. Wapo, wanashona nyavu. Hakuna sababu ya kusema hawapatikani.

Tena, ushuru wa samaki hukusanywa pale pale mwaloni. Sehemu yake ijenge vyoo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ukerewe, Mwanza.