JERAHA LISILOTOKA DAMU

Mwezi wa Mei una kumbukumbu nzito kwa wananchi wa Arusha. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, likaua watu 3 na kujeruhi makumi. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni huko Karatu. Wakafa watoto 32, walimu 2 na dereva. Watoto 3 walionusurika walipelekwa Marekani kutibiwa mifupa, wakarejea mwezi wa Agosti mwaka ule ule.

Hayo yote yameandikwa, na ni haki yaandikwe. Lakini katika msiba wowote orodha ya majeruhi huishia kwa wale waliotoka damu. Haimtaji mkulima ashukaye korongoni kuokoa watu kwa mikono mitupu. Haimtaji askari abebaye maiti, wala muuguzi aoshaye miili ya watoto, wala dereva ambaye kesho yake hana budi kupita njia ile ile ili apate riziki yake.

Wengi wa watu hao hupoa kwa wakati wao, wakisaidiwa na jamaa na majirani. Lakini wako wasiopoa. Mwezi hupita, na miaka hupita, nao bado hushtuka usingizini. Breki zikilia, mwili hutetemeka kana kwamba ajali inatokea sasa hivi. Hayo ni maradhi ya kiwewe. Mtaani mgonjwa huambiwa ana pepo, au ni mwoga, au ni mvivu wa kazi. Sisi twayakataa maneno hayo. Shirika la Kazi Duniani liliyaingiza maradhi haya katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi mwaka 2010. Basi mfanyakazi aliyeyapata kazini hana sababu ya kuona haya, kama vile asivyoona haya aliyekatwa kidole na mashine.

Siku hizi inasifiwa tiba iitwayo nyurofidibaki. Vijisahani vidogo vya madini hubandikwa kichwani. Havipitishi umeme kuingia ubongoni, bali husoma mawimbi ya umeme ambayo ubongo wenyewe huyatoa. Mashine huyageuza mawimbi hayo kuwa picha au sauti. Ubongo ukielekea kwenye utulivu, picha hung'aa, ukihangaika, hufifia. Hivyo mgonjwa hujifunza kidogo kidogo kuutuliza ubongo wake, kama mtu ajifunzaye kunyoa kwa kujitazama kiooni. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliotangazwa mwaka 2016, watu 52 wenye kiwewe cha siku nyingi waligawanywa mafungu mawili. Waliopewa mafunzo hayo, vikao 24 kwa majuma 12, walipata nafuu kubwa kuliko waliosubiri.

Ni habari njema, wala hatuidharau. Lakini watu 52 ni wachache, na mashine isiyo na mtaalamu ni sanduku tu. Itakapofika katika hospitali zetu tutaipokea kwa furaha, mradi ije pamoja na watu waliofundishwa kuitumia. Kuisubiri huku tumekaa kitako ni kosa.

Maana iko tiba nyingine, nayo imekwisha jaribiwa jirani kabisa na Mlima Meru. Huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watoto yatima 640 walishirikishwa katika utafiti ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2020. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, wakakutana na watoto na walezi wao kila juma, wakawasaidia kuusimulia msiba wao bila kuzidiwa nao. Tiba ilipomalizika, katika sehemu tatu kati ya nne watoto hao walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliopewa msaada wa kawaida. Katika Moshi vijijini tofauti hiyo haikuonekana. Nalo ni jambo la kuchunguzwa, si la kufichwa.

Kwa hiyo twatoa rai. Vyama vya wafanyakazi vidai kwamba baada ya kila ajali kubwa, waokoaji, wauguzi na madereva watazamwe tena mwezi mmoja baadaye, na tena baada ya miezi sita. Wakuu wa afya wa mkoa wachague walimu na wauguzi, katika Arusha mjini na katika vijiji vya Arumeru na Karatu, wafundishwe tiba hii ya maongezi. Nao mabalozi wa mashina, wanaojua nani halali usiku katika nyumba zao kumi, wawapeleke wagonjwa hao zahanati kabla hawajakimbilia pombe.

Ndugu zetu hawa walishuka korongoni kwa ajili yetu sote. Si haki kuwaacha huko.