Jina la Dionisi

Baba mmoja hapa Mbalizi anasita kumbatiza mwanawe kwa jina la babu, Dionisi. Jirani amemwambia ati ni jina la mungu wa pombe.

Hakukosea sana. Wagiriki wa kale waliabudu mungu wa divai, Dionysos, na Dionisi maana yake ni mtu wa Dionysos. (Walevi niwajuao mimi huitwa Petro na Yohane.) Lakini fungua Matendo ya Mitume 17:34: Paulo alipohubiri Athene, Dionisi wa Areopago aliamini. Na yule kijana wa Uganda, Dionisi Ssebuggwawo, je? Mei 1886 Kabaka Mwanga alimchoma mkuki kwa sababu alimfundisha mwenzake dini, akauawa. Mwaka 1964 Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu.

Basi, baba, mpeleke mtoto kanisani. Babu anangoja.