Alama Zimekupitisha, Jukwaa Limekuona?

Kila mwaka awamu ya kwanza ya udahili ikitoka, sisi tulioko chuoni tunageuka ofisi ya ushauri bila malipo. Wadogo zetu waliomaliza kidato cha sita wanatuma skrinishoti: "Dada, nimechaguliwa vyuo viwili, nithibitishe kipi?" Maswali mengi ni mepesi. Aliyepata uhasibu Mzumbe na uhasibu Dodoma anaangalia ada na hosteli, anaamua, maisha yanaendelea. Linaloumiza kichwa ni swali la yule aliyeomba sanaa za maonesho akapata, halafu akapata na ualimu. Hapo hata mkiongea usiku kucha hamuelewani, maana ukoo mzima unaingia kwenye simu.

Nasoma ualimu, kwa hiyo wengi wanategemea nimwambie mtoto wa watu achague ualimu. Siwaambii hivyo, na wala siwaambii wakimbilie sanaa. Msimamo wangu ni huu: mtu asithibitishe kozi ya sanaa za maonesho, na asiikatae pia, kabla hajajipima mbele ya watu wasiomjua na kabla hajaiona kozi yenyewe kwa karibu. Alama za kidato cha sita haziwezi kumfanyia kazi hiyo. Mjomba naye hawezi.

Tuangalie kwanza mfumo wetu. Kuingia digrii hapa kwetu unahitaji prinsipo mbili kwenye masomo yanayotakiwa na kozi, unaomba moja kwa moja chuoni, majina yanatoka. Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, TCU inakupa siku chache za kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu unayotumiwa kwenye simu au barua pepe. Ukimaliza kuiingiza, umeamua. Kwenye safari yote hiyo, kinachokupitisha ni Historia yako na Kiswahili chako. Kama sauti yako inafika kiti cha nyuma, au kama unaweza kurudia tukio moja mara ishirini bila kuchoka, alama hazisemi.

Wenzetu wengine wanaanza upande wa pili. Pale RADA, chuo cha uigizaji cha London kilichoanza mwaka 1904, anayetaka kuwa mwigizaji anapita kwenye usaili: anasimama mbele ya jopo na kuigiza vipande alivyokariri, mara nyingi kimoja cha Shakespeare. India, shule ya taifa ya maigizo ya Delhi iliyoanzishwa mwaka 1959 inawaita waliopita mchujo wa kwanza na kukaa nao siku kadhaa za mazoezi kabla ya kuchagua. Sisemi tunakili. Usaili wa namna hiyo unamfaa zaidi aliyekulia mjini kwenye kumbi na makocha, na mtoto wa Mgeta ambaye hajawahi kuona pazia la jukwaa angeachwa mlangoni. Kuingia kwa alama kuna haki yake. Ila kunakuachia kazi moja mkononi: usaili ambao chuo hakikukufanyia, ujifanyie mwenyewe.

Sasa nije kwa mjomba. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alipata vyote viwili: sanaa za maonesho Dar es Salaam, na ualimu hapa hapa Morogoro. Kikao kikaitishwa. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na neno la mjomba si ushauri, ni karibu na hukumu. Mjomba akasema: "Maigizo utafanya Jumapili kanisani. Ualimu ndiyo kazi." Kikao kikafungwa, chai ikaletwa.

Simbezi mjomba. Ni mtu aliyeteremsha ndizi na mdalasini kutoka Matombo miaka yote ili watoto wa dada zake wasome. Akiuliza "utakula nini?" anauliza kwa sababu yeye ndiye amekuwa akijibu swali hilo kwa niaba yetu. Tatizo langu liko kwenye jibu lake tu. Jibu hilo lilikuwa sahihi zamani, wakati mtu akimaliza ualimu anasubiri barua ya kupangiwa kituo. Siku hizi mambo si hayo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu waliitwa kwenye usaili wa ajira serikalini. Waombaji walizidi laki 2, nafasi hazikufika elfu 15. Kwa hiyo mtoto anayekimbilia ualimu ili kukwepa mashaka ya sanaa ajue kwamba usaili alioukimbia unamsubiri mbele, na foleni yake ni ndefu.

Nasema hili kwa sababu linaniuma kama mwanafunzi wa ualimu. Ualimu umefanywa kuwa gunia la kubebea kila aliyekosa au aliyeogopa kwingine. Ukienda BTP utamtambua mwenzako aliyesukumwa. Anaingia darasani na daftari limemfunika uso, anaandika ubaoni kuanzia kengele hadi kengele, watoto sabini nyuma yake wanapiga stori. Kumlazimisha msanii awe mwalimu asiyetaka ni kuwadhulumu hao sabini.

Lakini upande wa pili nao niuseme. Kuipenda sanaa si ushahidi kwamba kozi ya sanaa inakufaa. Wengi tunaipenda kama watazamaji. Kuchekesha kwenye grupu la WhatsApp, au kupewa nafasi ya baba mlevi kwenye mahafali ya shule, hakukuambii kitu kuhusu miaka mitatu ya mazoezi. Kule utasoma historia ya tamthilia, utaandika, utajifunza sauti, mwili, mwanga na maleba, utabeba mabenchi na kufagia ukumbi. Kipande anachokiona mtazamaji kwa nusu saa kimekula wiki za watu.

Ndiyo maana namshauri mtu ajifanyie usaili. Hauhitaji jopo. Chukua tamthilia ya Kiswahili uisome yote, mwanzo mpaka mwisho, siyo kwa maswali ya mtihani. Kariri kurasa mbili. Tafuta watu watano au kumi ambao hawana sababu ya kukupigia makofi: vijana wa kijiweni, kwaya ya mtaa wa pili, watoto wa shule ya msingi ambao wakiboreka hawafichi. Igiza. Kesho yake rudia kipande kile kile, kesho kutwa tena. Siku ya kwanza hofu inakusaidia, kila kitu ni kipya. Siku ya nne ndiyo ya kujiangalia. Kama bado unagundua kitu kwenye sentensi uliyoisema mara thelathini, hilo ni jibu. Kama umechoka na ulichokuwa unasubiri ni makofi tu, hilo pia ni jibu, na limekuokolea miaka mitatu.

Nimeona majibu yote mawili. Mdogo wangu alifanya hivyo kwenye uwanja wa shule moja ya Bigwa, siku nne mfululizo, na siku ya nne alikuwa anabishana na mwenyewe kuhusu pale mhusika anaponyamaza. Akathibitisha Dar, na mjomba alinuna mwezi mzima. Jamaa mwingine wa Kihonda alijipima siku mbili tu, akaniambia alichokipenda ni kuwaeleza wale watoto hadithi inahusu nini, kuigiza kwenyewe kulimchosha. Leo yuko mwaka wa kwanza ualimu na hakuna aliyemsukuma. Wote wawili walichagua vizuri.

Ukishajipima, ndipo uchague mahali. Hapa wengi wanakosea kwa kuangalia ukubwa wa cheti na jina. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonesho tangu mwaka 1967, na ndipo walipopita watu kama Ebrahim Hussein, mwandishi wa Kinjeketile. Pale utapata jukwaa pamoja na nadharia, historia na utafiti. Dodoma wanaichanganya tamthilia na filamu. Bagamoyo ni habari nyingine: chuo cha sanaa kilianza mwaka 1981, mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa, na kazi yake kubwa ni vitendo: ngoma, uigizaji, muziki, sarakasi. Unaingia kwa ngazi ya cheti na kupanda hadi stashahada. Mtaani wanasema Bagamoyo ni kwa waliofeli. Si kweli. Kama mwili wako ndio chombo chako, saa nyingi za mazoezi zinaweza kukufaa kuliko saa nyingi za mihadhara, na mwenye stashahada yenye GPA ya 3.0 bado ana mlango wa digrii baadaye.

Pesa nayo isemwe bila aibu. Bodi ilipoanza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka 2023/24, fedha zilielekezwa kwenye fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi, uchukuzi, nishati, madini na kilimo. Kwa hiyo anayewaza stashahada ya sanaa apige hesabu ya ada kutoka mfukoni kwa mzazi, na wa digrii asome mwongozo wa mkopo kabla ya kuhesabu bumu ambalo hajalipata. Kama nyumbani hakuna uwezo, hilo ni jambo la kuamua nalo, na si dhambi kuahirisha mwaka mmoja ukatafuta pesa.

Halafu nenda ukaone. Sisi wa Morogoro hatuna kisingizio siku hizi. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inatufikisha Dar kwa muda usiozidi saa mbili hivi, na kutoka Dar kwenda Bagamoyo daladala zipo. Kila mwaka Bagamoyo kuna tamasha la sanaa na utamaduni ambapo wanafunzi wenyewe wanapanda jukwaani. Kaa nyuma uangalie. Wakimaliza wafuate wanaokunja nyaya, waulize: mwaka wa kwanza mlipanda jukwaani mara ngapi? Mazoezi ni saa ngapi kwa wiki? Walimu wenu wanaongoza michezo, au wanaisoma tu vitabuni? Waliomaliza mwaka juzi wako wapi? Majibu ya dakika kumi pale nje yana uzito kuliko kurasa zote za kitabu cha mwongozo.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa wanaodhani ualimu na sanaa ni maadui. Mwaka 1948 alizaliwa Berega, mkoa huu huu wa Morogoro, binti aliyeitwa Penina Muhando, ambaye wengi mnamjua kama Profesa Penina Mlama. Alisomea sanaa za maonesho na elimu pia, akaandika tamthilia tulizozisoma, zikiwemo Hatia na Nguzo Mama. Mwaka 1996 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme kwenye shule za sekondari. Wasichana walitaja wenyewe matatizo yanayowakwamisha kusoma, wakayageuza mchezo, wakauigiza mbele ya walimu na wazazi. Baadaye njia hiyo ikaenda hadi nchi nyingine za Afrika kupitia FAWE. Mtoto ambaye hawezi kumwambia mwalimu mkuu usoni kwamba ananyanyaswa, aliweza kumwambia akiwa ndani ya mhusika. Hiyo ni sanaa au ni ualimu? Mimi sijaona mstari.

Na mtaala mpya umeleta somo la Sanaa na Michezo shule ya msingi. Nani atalifundisha? Kama kila mwenye kipaji tunamwambia aigize Jumapili tu, somo hilo litakuwa kipindi cha watoto kucheza mpira mwalimu akisahihisha madaftari ya Hisabati.

Ombi langu la mwisho ni kwa serikali yetu ya wanafunzi. Kila mwaka bajeti ya bonanza inapita bila ubishi, jezi zinanunuliwa, ng'ombe anachinjwa. Sipingi. Naomba ukumbi jioni moja kwa mwezi na kipaza sauti kinachofanya kazi. Mwaka wa kwanza aigize, wa tatu aigize, waliomaliza kidato cha sita huko Mwembesongo na Kola waalikwe bure. Hapo mtu atajipima kabla namba ya TCU haijaingia kwenye simu yake, na mzazi aliyekaa nyuma ataona anachokikataa au anachokikubali.

Kwa wewe ambaye dirisha liko wazi sasa hivi na simu iko mkononi: siku ni chache, lakini zinatosha kukariri kurasa mbili. Anza leo jioni.