Wachungaji wasiochunga

Makala yako kuhusu picha za starehe za makabaila ni nzuri, ila umepita mbio kwenye swali la nani alikuwa anazinunua. Picha za rangi za wachoraji Watteau na Boucher ziliishia kwenye kuta za wenye nazo. Zilizochapwa kwa bamba la shaba ndizo zilizotoka nje, zikafika kwa watu wa kipato cha kati na kwa mafundi wa kaure waliozinakili kwenye vyombo. Na aliyegharamia kuchapwa kwa kazi za Watteau baada ya kifo chake mwaka 1721, Jean de Jullienne, riziki yake ilitoka kwenye vitambaa na rangi za nguo kule Gobelins, Paris. Starehe za makabaila zilisambazwa na mfanyabiashara!

Halafu hao wachungaji wa Boucher jamani: miguu mitupu isiyo na chembe ya vumbi, utepe kwenye fimbo, kondoo kama wametoka kuogeshwa sasa hivi. Nani anachunga hapo?

Kwenye picha ya bembea ya mchoraji Fragonard, iliyochapwa na Nicolas de Launay mwaka 1782, umeeleza sana kiatu kinachoruka. Yule mzee wa kivulini anayevuta kamba hukumgusa kabisa, na kazi yote ni yake.