Uchambuzi: Mfanyabiashara wa mpakani azeekee mji gani?

Mfanyabiashara wa mpakani hapewi barua ya kustaafu. Hakuna ofisa utumishi wa kumwita na kumkabidhi hesabu zake. Siku moja magoti yanakataa kupanda lori, macho yanashindwa kusoma fomu za forodha, na mtoto anasema, "Mama, sasa pumzika." Hapo ndipo swali linapokuja: apumzike wapi?

Swali hili limeiva. Mkataba ulioifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Novemba 30, 1999 na kuanza kutumika Julai 7, 2000. Waliokuwa na umri wa miaka 30 wakati huo, wakivusha nafaka, vitenge, mitumba na dagaa kati ya Namanga, Busia na Mutukula, leo wamefika miaka 55 na zaidi. Wengi wametumia nusu ya umri wao kwenye mji wa nchi nyingine. Wanajua lugha ya mtaa, wana wateja, wana chama cha kufa na kuzikana. Wengine wameoa au kuolewa huko. Wanaona ni kawaida wazeekee hapo hapo.

Mazungumzo ya kuchagua mji wa kupumzikia huwa ni ya bei ya kiwanja, hali ya hewa na ukaribu wa soko. Hayo ni ya kweli, lakini si ya kwanza. La kwanza ni kwamba sheria za ukanda wetu zimemfungulia njia mtu anayefanya kazi na kuuza. Mtu huyo akishaacha kazi, njia hiyo inakuwa nyembamba sana.

Soko la Pamoja linasema nini

Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Ibara ya 14 inatoa haki ya ukaazi kwa raia wa nchi wanachama, ila haki hiyo imefungwa kwenye kazi: ni ya mfanyakazi, ni ya aliyejiajiri, pamoja na mwenza, watoto na wategemezi wao. Suala la ukaazi wa kudumu ibara hiyo imeliacha kwa sheria za kila nchi. Ibara ya 15 imefanya hivyo hivyo kwa ardhi.

Maana yake kwa mzee ni hii: kibali kilichokuweka nchi ya jirani miaka 20 kilisimama juu ya biashara yako. Ukifunga duka, umeondoa nguzo ya kibali chenyewe.

Kila nchi ina mlango wake kwa asiyefanya kazi. Tanzania ina kibali cha ukaazi daraja C, ambacho wastaafu ni miongoni mwa wanaohusika nacho. Kenya ina daraja K. Anayekitaka anatakiwa awe na miaka isiyopungua 35, aahidi kutofanya kazi ya kulipwa, na aoneshe kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka.

Tupige hesabu. Dola 24,000 kwa mwaka ni dola 2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hicho, dola 2,000, ndicho ukomo wa thamani ya shehena moja inayovuka kwa utaratibu rahisi wa forodha uliowekwa kwa wafanyabiashara wadogo. Kwa hiyo mama aliyevusha mizigo midogo maisha yake yote anaambiwa kwamba, ili apumzike upande wa pili, awe anaingiza kila mwezi bila kufanya kazi fedha sawa na thamani ya mzigo wake mkubwa kabisa unaoruhusiwa. Si faida ya mzigo, ni mzigo wenyewe. Kibali hicho hakikutengenezwa kwa ajili yake.

Wengine husema, "Sitaacha kabisa. Nitafungua kaduka kadogo ka kunisogeza." Hapa napo pamebadilika. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Zimo biashara ya jumla na rejareja isiyo ya supamaketi, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni na ununuzi wa mazao shambani. Adhabu kwa asiye raia ni faini isiyopungua Sh10 milioni ya Tanzania au kifungo kisichozidi miezi sita, na mwananchi anayemsaidia naye ana adhabu yake. Kazi hizo ndizo ambazo mtu wa miaka 60 mwenye mtaji mdogo angezikimbilia.

Kiwanja kwa jina la shemeji

Ardhi ndiyo inayowaumiza wengi, kwa sababu fedha ya miaka mingi huzikwa hapo.

Tanzania, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, haimmilikishi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Nyumba ya kuzeekea si uwekezaji wa aina hiyo. Kenya, kwa Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010, inamruhusu asiye raia kukodishiwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Shamba la kilimo ni gumu zaidi, kwa kuwa linapita bodi za udhibiti wa ardhi ambazo kisheria zinatakiwa kukataa uhamisho kwenda kwa asiye raia. Uganda nayo inampa asiye raia ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Umiliki wa mailo na ule wa moja kwa moja ni wa raia.

Raia wa Jumuiya hana nafuu ya pekee hapa. Kwenye ofisi ya ardhi, Mganda aliyeko Mwanza na Mtanzania aliyeko Kisumu wanahesabiwa wageni kama mgeni mwingine yeyote.

Ndiyo maana mipakani kuna njia ya mkato inayojulikana na wote: kiwanja kinanunuliwa kwa jina la mke, shemeji, mtoto aliyezaliwa huko au rafiki wa biashara. Mambo yakiwa shwari, hakuna anayeuliza. Tatizo huanza ndoa ikivunjika, rafiki akifa, au watoto wake wakikuta hati kabatini. Hati ndiyo inayosomwa. Risiti za saruji na mabati ulizotunza hazina nguvu ya kulishinda jina lililoandikwa pale. Ukiwa na miaka 35 unaweza kuipoteza nyumba ukaanza upya. Ukiwa na miaka 67, huna muda wa kuijenga tena.

Kama umeoa au kuolewa upande wa pili, chunguza suala la uraia mapema. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zinaruhusu uraia wa nchi mbili, Tanzania hairuhusu. Mkenya anaweza kuomba uraia wa Uganda bila kuacha wa kwao. Mtanzania anayechukua uraia mwingine kwa hiari akiwa mtu mzima anapoteza wa kwao.

Mpaka huweza kufungwa

Wapo wanaochagua kukaa upande wa kwao lakini wakitegemea hospitali, soko au watoto walioko upande wa pili. Ni mpango mzuri siku za amani. Vituo vya huduma za pamoja vimerahisisha safari: Rusumo na Holili-Taveta vilifunguliwa 2016, Mutukula 2017, Busia na Namanga 2018. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka kwa vitambulisho vya taifa.

Lakini Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna na Uganda, na haukufunguliwa mpaka Januari 31, 2022. Hiyo ni karibu miaka mitatu ya familia zilizozoea kuvuka asubuhi na kurudi jioni. Mwaka 2020 Uviko-19 ilisimamisha abiria karibu mipaka yote. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Kijana hutafuta njia nyingine. Mzee mwenye dawa za presha za mwezi mmoja hana njia nyingine.

Mji wa aina gani, basi?

Ukichanganya haya yote, jibu linaloonekana salama kwa wengi ni mji wa ukubwa wa kati ulio ndani ya nchi yako, wenye hospitali kubwa, na usiozidi saa chache kutoka mpaka uliouzoea. Unabaki karibu na wateja na marafiki, lakini nyumba iko kwa jina lako.

Kwa Mtanzania wa njia ya Holili, Moshi una sifa hiyo. Mpaka uko chini ya saa moja, na Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa 1971, inapokea wagonjwa wa rufaa wa kanda nzima ya kaskazini. Kwa Mkenya wa Busia, Kisumu uko kama saa mbili kwa gari, una hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga na uwanja wa ndege. Kwa Mganda wa njia ya Rwanda, Mbarara una hospitali ya rufaa inayofundisha madaktari wa chuo kikuu cha hapo.

Bukoba huwavutia wengi wa njia ya Mutukula kwa ardhi yenye rutuba, mvua na ziwa. Ila anayeuchagua ajue kwamba ugonjwa mzito humpeleka Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Tanga ni mtulivu na uko karibu na Horohoro. Kule pia rufaa nzito huelekea Moshi au Dar es Salaam. Miji hii inafaa zaidi kwa mwenye afya njema na ndugu wa kumsindikiza.

Miji ya mpakani yenyewe, kama Namanga, Busia na Tunduma, ni mizuri kwa kuchuma kuliko kwa kuzeekea. Malori hayalali, kelele hazikomi, na wapangaji huhama biashara inapohama. Anayemiliki kibanda au stoo pale asiuze haraka. Kodi yake inaweza kuwa pensheni. Lakini kupangisha Namanga ukiwa unaishi Arusha ni tofauti na kulala Namanga.

Kuhusu fedha, kila nchi bado ina mfuko wake wa hifadhi ya jamii. Mifuko ya NSSF ya Kenya, Tanzania na Uganda inapokea waliojiajiri, na Rwanda ina Ejo Heza iliyoanza Desemba 2018 kwa ajili ya watu wasio na mshahara wa kudumu. Changia kwenye nchi utakayoishi uzeeni. Ukichangia hapa na kuzeekea kule, utakuwa unakula kwa sarafu moja na kupokea kwa nyingine, na kila siku thamani ikishuka unapungukiwa bila kununua kitu. Bima ya afya ni vivyo hivyo: kadi ya nchi moja haitibu nchi nyingine, na Uganda bado haina bima ya afya ya kitaifa.

Mwisho kuna jambo ambalo familia nyingi hulikwepa: maziko. Kuvusha mwili mpakani kunahitaji vibali vya afya, nyaraka za kifo na gari, na gharama yake huwaangukia watoto wakiwa msibani. Waambie mapema unataka kuzikwa wapi.

Serikali nazo zina deni

Ushauri huu wa kurudi upande wako ni wa kujilinda, na ni aibu kidogo kwa Jumuiya yenye nchi nane na robo karne ya mikutano. Mtu aliyelipa ushuru na leseni kwa halmashauri ya nchi jirani miaka 20 amechangia barabara na soko lake. Kumtaka awe na dola 2,000 kwa mwezi ndipo apumzike pale hakulingani na alichotoa.

Mambo matatu yanawezekana bila kusubiri shirikisho. Moja, kibali cha ukaazi kwa raia wa Jumuiya mwenye miaka 60 aliyefanya biashara halali nchini kwa muda utakaokubaliwa, bila kigezo cha kipato cha kitajiri. Mbili, michango ya hifadhi ya jamii iweze kumfuata mwenyewe kutoka nchi hadi nchi. Tatu, kiwango kidogo cha ardhi ya makazi, kwa ukodishaji, kwa mkaazi wa aina hiyo.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vimekuwa hodari kudai nafuu ya ushuru na vyoo sokoni. Madai haya matatu yangefaa kuingia kwenye orodha ileile, wakati wanaoyahitaji bado wana nguvu ya kwenda mkutanoni.